Mikono Mingi, Mshale Mmoja

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Sasa hebu, ndugu msomaji, itazame kompyuta ya mezani popote utakapoikuta, iwe ofisini, shuleni au kwenye kibanda cha kuchapa barua, kisha uniambie imetengenezwa kwa ajili ya mikono ya watu wangapi. Kibodi moja. Kipanya kimoja, au mausi kama wengi tunavyosema. Kioo kimoja, na ndani ya kioo mshale mmoja unaotangatanga. Mmoja anakaa, wengine wanasimama nyuma ya kiti chake na kunyoosha shingo. Tumezoea hivyo hadi tunaamini ndivyo chombo hiki kilivyoumbwa.

Mimi elimu yangu ni ya kidato cha nne, cheti cha kompyuta sina, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Lakini chombo hiki ndicho ninachoandikia, kwa hiyo nimekuwa nikiifuatilia historia yake kidogo kidogo, na niliyoyakuta yamenishangaza. Kompyuta yenye picha kwenye kioo haikuzaliwa na mshale mmoja. Mwanzoni ilikuwa na nafasi ya mikono mingi. Mshale mmoja ulikuja baadaye, ukiwa uamuzi wa watu, na wapo waliotumia miaka ya maisha yao kujaribu kuutengua. Hawa ndio ninaotaka kuwasimulia.

Mkono wa kushoto ulikuwa na kazi

Tuanze mwaka 1963, huko Marekani. Kijana aitwaye Ivan Sutherland, mwanafunzi wa MIT, aliwasilisha tasnifu ya udaktari kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Aliiandika kwa ajili ya TX-2, kompyuta kubwa iliyokuwa katika Maabara ya Lincoln. Sutherland alikaa mbele ya kioo na kalamu ya mwanga mkononi, akaigusisha kalamu kwenye kioo na kuvuta mstari. Mkono wake wa pili haukulala. Ulikuwa kwenye vitufe, ukiiambia mashine: hapa anza mstari, hapa chora duara, hapa futa. Tena palikuwa na vifundo vinne vya kuzungusha, mfano wa vile vya redio, vya kuikuza picha na kuisogeza. Yaani vifaa vya namna tatu vikiihudumia picha moja, kila kimoja na kazi yake.

Miaka mitano baadaye, Desemba 9, 1968, mjini San Francisco, bwana mmoja aitwaye Douglas Engelbart aliketi jukwaani mbele ya wataalamu wapatao 1,000 na kuwaonyesha kazi ya kikundi chake kwa muda wa dakika 90. Yeye na mwenzake Bill English ndio waliotengeneza kipanya cha kwanza mwaka 1964, kikiwa na kasha la mbao. Siku ile kipanya kilikuwa kuliani kwake, kibodi katikati, na kushotoni palikuwa na kibao kidogo chenye vitufe vitano kama vya piano. Ukibonyeza kitufe kimoja kimoja au kadhaa kwa pamoja unapata michanganyiko 31, ambayo inatosha kwa herufi zote za alfabeti. Kwa hiyo Engelbart aliweza kuonyesha neno kwa mkono wa kulia na kutoa amri kwa mkono wa kushoto, bila kuhamisha mkono wowote. Dunia imekikumbuka kipanya. Kile kibao cha kushoto wamekisahau kabisa.

Na liko jambo jingine la siku ile ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Kuna wakati kioo cha Engelbart kilionyesha kazi moja iliyokuwa ikitazamwa na watu wawili: yeye akiwa San Francisco, na mwenzake Bill Paxton akiwa Menlo Park, umbali wa kilomita zipatazo 48. Kila mmoja alikuwa na alama yake kwenye kioo kilekile. Mishale miwili, mwaka 1968! Ila hawakuwa sawa. Paxton aliweza kuonyesha, lakini mamlaka ya kubadilisha maandishi aliyashika Engelbart, naye alilisema hilo hadharani kwa utani. Kumbe swali la nani anaonyesha na nani anaamrisha lina umri sawa na mshale wenyewe.

Jinsi mshale ulivyobaki mmoja

Mwaka 1973 watafiti wa kampuni ya Xerox, katika kituo chao cha PARC huko California, walitengeneza kompyuta ya Alto. Ilikuwa na kibodi, kipanya chenye vitufe vitatu, na hata kile kibao cha vidole vitano kwa aliyekitaka. Lakini ilipofika mwaka 1981 kampuni hiyo ikatoa sokoni mashine iliyoitwa Star, kibao kilikuwa kimeachwa. Januari 1984 ikaja Macintosh ya Apple kwa bei ya dola 2,495, na kipanya chake kilikuwa na kitufe kimoja tu. Kibodi yake haikuwa hata na vitufe vya mishale. Viliachwa makusudi, ili waandishi wa programu wasiwe na njia ya mkato na walazimike kukitumia kipanya.

Tusiwalaani watu hawa. Walikuwa na sababu. Kibao cha Engelbart kilidai ukae na kujifunza michanganyiko ya vidole kama mtu anayejifunza kinanda, na mteja anayeingia dukani hana subira hiyo. Kipanya kimoja unakielewa kwa dakika tano. Unyenyekevu huo ndio ulioitoa kompyuta mikononi mwa mabingwa na kuifikisha mezani kwa karani. Lakini kila urahisi una gharama yake, na gharama hii ilijificha ndani ya programu, mahali ambapo mtumiaji haoni.

Hebu nieleze kwa lugha yetu. Ukisogeza kipanya au ukibonyeza kitufe, habari haiendi moja kwa moja kwenye programu unayotumia. Inakwenda kwanza kwenye mfumo mkuu wa mashine, unaoipanga kwenye foleni. Programu inachota kutoka foleni hiyo: mshale umefika hapa, kitufe kimebonyezwa, herufi fulani imeandikwa. Sasa, chomeka vipanya viwili kwenye kompyuta moja, mkamate kimoja wewe na kimoja mwenzako. Mnadhani mtaona mishale miwili? La hasha. Mashine nyingi za kawaida hadi leo zitawaonyesha mshale uleule mmoja, unaokutii wewe, kisha mwenzako, kisha wewe, kama daladala yenye sukani mbili na jozi moja ya magurudumu. Foleni imepokea habari za vipanya viwili, ikafuta majina ya waliozileta, na programu inasikia tu kwamba "mshale umesogea".

Hapo ndipo mimi kama mwandishi nilipochomwa. Chukua riwaya yoyote uipendayo, ifute majina ya wasemaji katika mazungumzo yote, kisha usome. Mama anagombana na mwanawe, lakini hujui ni nani amesema nini. Sauti zote zimekuwa sauti moja yenye kichaa. Ndivyo programu zetu zinavyotusikia tunapokuwa wengi.

Waliouliza "nani?"

Mwaka 1986, Bill Buxton na Brad Myers wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha majaribio ya kazi za kompyuta zinazofanywa kwa mikono miwili, kila mkono na kifaa chake. Katika moja, mkono huu ulitembeza waraka juu na chini huku mwingine ukichagua maneno. Watu walifanya haraka zaidi kuliko kwa mkono mmoja, wazoefu na wageni vilevile.

Mwaka uliofuata, Mfaransa Yves Guiard wa Marseille akaeleza kwa nini. Mikono yetu haigawani kazi nusu kwa nusu. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mkono wa kushoto hutangulia na kuandaa uwanja, wa kulia hufuata na kufanya kazi ya ndani yake. Ushahidi wake mmoja ni mtamu sana kwetu waandishi. Ukimpa mtu barua aiandike huku umeficha karatasi ya kaboni chini yake, utakuta alama za maandishi mezani zimejazana mahali padogo, moja juu ya nyingine, ingawa barua imejaa ukurasa mzima. Kwa nini? Kwa sababu mkono wa kushoto muda wote ulikuwa ukiisogeza karatasi. Ebu jaribu leo usiku: andika aya moja huku mkono wa kushoto umeuweka mfukoni, uone kalamu itakavyohangaika. Tangu mwaka 1984 tulikuwa tukiandika kwenye kioo hivyo hivyo, mkono mmoja mfukoni.

Mwaka 1991, palepale PARC, Eric Bier na Steven Freeman walionyesha programu waliyoiita MMM, ambamo watu kadhaa walikaa mbele ya kioo kimoja, kila mmoja na kipanya chake, wakihariri maandishi na michoro kwa pamoja. Programu ilikumbuka mambo ya kila mtu peke yake, kwa mfano rangi anayoitumia. Ni kazi ya maabara, haikuuzwa madukani. Lakini ilikwisha onyesha kwamba inawezekana.

Wazo la kumbukumbu ya kila kifaa lilifika kwa watu wa kawaida kupitia wachoraji. Mwaka 1995, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walitangaza programu ya picha iitwayo GIMP, ya bure kwa kila mtu. Wachoraji walikuwa wakitumia vibao vya kuchorea kama vya Wacom ya Japani, vyenye kalamu inayotambua mkandamizo wa mkono. GIMP ilikuja kujifunza kukumbuka zana na rangi ya kila kifaa mbali mbali. Shika kalamu, unapata brashi yako nyekundu. Ishike kwa ncha ya nyuma, unapata kifutio. Gusa kipanya, unakuta zana uliyokiachia jana. Ni jambo dogo, lakini maana yake ni kwamba programu sasa inauliza: aliyenigusa ni nani?

Safu ya nyuma

Katikati ya miaka ya 1990, huko Vancouver, Kanada, Kori Inkpen na wenzake waliwachunguza watoto wanaocheza mchezo wa mafumbo wawili wawili kwenye kompyuta moja. Waliwapa vipanya viwili, ila kimoja tu kilifanya kazi kwa wakati mmoja. Swali lilikuwa ni namna ya kupokezana: je, mwenye zamu aiachie mwenyewe, au mwenzake anaweza kuichukua? Waligundua kwamba kanuni hiyo ndogo ilibadilisha jinsi watoto walivyofanya kazi, tena haikuwa sawa kwa wasichana na wavulana.

Mwaka 2006 wakaja Udai Singh Pawar, Joyojeet Pal na Kentaro Toyama, watafiti waliokuwa na maabara ya Microsoft huko Bangalore, India. Walikuwa wametembelea shule za vijijini na kuona watoto wakijazana kwenye kompyuta moja, hata kumi, mmoja ameshika kipanya na waliobaki wakitazama. Hela ya kununua kompyuta tisa zaidi haipo. Hela ya vipanya inaweza kupatikana. Basi walitengeneza programu inayomtambua kila kipanya na kumpa kila mtoto mshale wa peke yake. Kisha wakakutana na swali jipya: mishale mitano ikibonyeza majibu tofauti, programu imsikilize nani? Walijaribu njia ya mashindano, kwamba wa kwanza kubonyeza ndiye anayewavusha wote, na njia ya kura, kwamba haiendelei mpaka wakubaliane. Angalia vizuri: hilo siyo swali la nyaya tena. Ni swali la siasa ndani ya mstatili wa kioo.

Nilipofika hapa nilisimama kusoma, maana shule hiyo naijua. Sekondari niliyosoma ilikuwa na mashine sita zinazowaka, na darasa letu lilizidi wanafunzi 50. Tulikaa wanane au tisa kwa mashine. Aliyeshika kipanya wiki ya kwanza ndiye aliyekishika hadi muhula unaisha, na karibu kila kundi alikuwa mvulana. Wasichana tulikuwa safu ya nyuma, tukisema "bonyeza pale, siyo pale, pale!" mpaka sauti zinakauka. Mtihani ulipokuja tuliandika kwenye karatasi kipanya ni nini, na nilipata alama zote za swali hilo. Kukishika kipanya chenyewe nilikuja kukishika mtaani, kwa kulipia kwa saa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kifaa cha kuingizia habari ni jambo la mafundi tu. Kipanya kimoja kwa watoto tisa ni mtaala kamili: kinafundisha mmoja kutenda na wanane kutazama.

Kazi ngumu ya kugawa kioo

Utauliza, kama ni rahisi hivyo mbona haikuenea? Kwa sababu si rahisi. Mifumo yenyewe ilijengwa juu ya mshale mmoja. Mfumo wa madirisha uitwao X, ulioanza MIT mwaka 1984 na kufikia toleo lake la 11 mwaka 1987, uliandikwa ukiamini kuna kibodi moja na mshale mmoja. Vifaa vya ziada vilikuja kuruhusiwa, lakini kama wageni wa barazani: programu isiyowaulizia haiwaoni. Windows nayo, tangu toleo la XP la mwaka 2001, iliipa programu njia ya kujua ni kipanya kipi kimesogea, ila mshale kwenye kioo ukabaki mmoja.

Aliyelivalia njuga jambo hili upande wa X ni Peter Hutterer, akiwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha South Australia. Kazi yake iliingizwa kwenye mfumo mwaka 2008 na kutoka rasmi katika toleo la Oktoba 2009. Ndani yake unaweza kuunda jozi kadhaa, kila jozi ikiwa na mshale wake na kibodi yake, kisha unavigawa vifaa vyako katika jozi hizo. Mimi naandika kwenye dirisha langu, wewe kwenye lako, kioo ni hikihiki na herufi hazigombani.

Lakini zipo programu za zamani maelfu zisizojua kwamba dunia imebadilika. Programu ya namna hiyo inauliza, "Mshale uko wapi?" Utajibu nini, nawe una mishale mitatu? Hutterer alilazimika kuiwekea kila programu ya zamani mshale mmoja wa kujibiwa nao, ili isichanganyikiwe. Na hata programu mpya zina maswali yake. Nimefungua menyu, wewe ukabonyeza pembeni: ijifunge au ibaki? Nimefuta sentensi, wewe umeongeza aya, kisha nikaomba kutengua: nitengue ya nani, yangu au ya mwisho? Kila swali la hivi linadai programu imjue mtendaji. Hakuna fundi wa mfumo atakayekujibia. Ni wewe mwandishi wa programu utakayeamua.

Mfumo uliokuja kushika nafasi ya X, uitwao Wayland, ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2012, una neno ambalo kwa Kiswahili ni kiti. Kibodi, kipanya na mguso vya mtu mmoja vinakusanywa chini ya kiti kimoja, na kompyuta inaweza kuwa na viti zaidi ya kimoja. Nilicheka niliposoma. Kwetu mwenyekiti ni mkubwa wa mkutano, mmoja tu. Huku kila mwenye kipanya ni mwenyekiti!

Simu za kugusa zimetuzoesha vidole vingi kwenye kioo tangu iPhone ya mwaka 2007, na wengine wanaona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Simu inahesabu vidole, haijui kama ni vya mtu mmoja au vya ndugu wawili wanaogombea mchezo. Na mezani, programu nyingi bado zimeandikwa na watu wasiowahi kujiuliza kama mtumiaji wao ana mwenzake.

Ninawaandikia wenzangu wa uandishi kwa sababu tunaandika kwenye mashine za kuazima, watatu watatu, mmoja anachapa na wawili wanasomesha. Na ninawaandikia wale miongoni mwetu wanaojifunza kuandika programu, maana wapo. Habari inapoingia kwenye programu yako inakuja na jina la kifaa kilichoileta. Usilitupe. Na kwa sisi wengine, kipanya cha pili hakifiki bei ya kitabu cha kiada. Kichomeke, umpe aliye nyuma ya kiti. Mshale utabaki mmoja, ndiyo, na mtagombana kidogo. Lakini watoto wa Vancouver nao walikuwa na mshale mmoja wa kupokezana, na hata hivyo kipanya cha pili kilikuwa mkononi mwa mtu, siyo mdomoni mwake.